Namna ya kuishika bili kabla haijawa sheria, na ukichelewa ufanye nini

Mwaka 2018 nilikuwa na kibanda cha mobail mani hapa Busia, upande wetu wa Uganda, na tarehe moja Julai wateja walinigeukia kama vile mimi ndiye nilikaa bungeni nikapiga kura. Mama mmoja muuza samaki alitoa elfu mia, akaona elfu moja nzima imeenda juu ya yale makato tuliyozoea, akaniangalia hivi, "Mwanangu, wizi umeanza lini?" Nikamwambia mama, ni sheria mpya. Akauliza nani ameitunga, lini, na sisi tulikuwa wapi. Sikuwa na jibu hata la swali moja.

Kumbe ile asilimia 1 haikuanguka kutoka mbinguni. Ilikuwa bili, yaani mswada, ya kubadilisha sheria ya ushuru, pamoja na ile ya shilingi 200 kwa siku ya WhatsApp na Facebook tuliyoiita OTT, ikasomwa, ikaenda kamati, ikapigiwa kura mwezi wa tano, Rais akaweka sahihi, na muda wote huo sisi wenye vibanda tunauza airtime tu hatuna habari. Tulipoandika barua kwa mbunge wetu bili ilikuwa imeshasomwa mara ya tatu, akatujibu kwa upole tu kwamba maji yameshamwagika.

Tangu hapo nimejifundisha hii njia polepole, kwa kukosea. Mimi si loya. Naandika hapa vile inaendaga, ili mtu ajue ni mlango upi wa kugonga na kwa wakati gani, manake milango iko mingi lakini bei yake si moja.

Kwanza ujue bili imetoka mfuko gani

Kuna bili ya serikali na kuna bili ya mbunge binafsi. Ya serikali inaanzia wizarani, inapanda kabineti, ikikubaliwa huko waandishi wa sheria wa serikali wanaiandika kwa ile lugha yao, halafu inachapwa kwenye Gazeti la serikali. Ya mbunge binafsi, mheshimiwa anasimama bungeni anaomba ruhusa kwanza, wakimpa ndio anaenda kuiandika.

Zote zinatakiwa kuja na cheti cha Wizara ya Fedha kinachosema hii sheria itakula pesa ngapi. Watu wengi hawapaangalii hapo na ni kufuli kubwa kweli. Wizara ni ya serikali, sasa kama serikali haiipendi bili ya mbunge fulani, hicho cheti kinaweza kuchelewa na mwenye bili akachoka mwenyewe, ingawa sheria inasema siku 60 zikipita tangu kiombwe kinahesabiwa kimetolewa. Hakuna aliyepiga kura ya kuikataa, hakuna aliyesema hapana, bili imelala tu.

Tena kifungu cha 93 cha katiba kinamzuia mbunge binafsi kuleta bili ya kuongeza kodi au ya kuchota pesa kwenye mfuko mkuu wa taifa, hiyo ni kazi ya serikali peke yake. Kwa hiyo ukisikia kodi mpya usimgombeze mbunge wako ati ameileta. Mgombeze kama ameiitikia "ndiyo".

Kamati: hapa ndipo mtu wa kawaida anaingia

Bili ikifika bungeni inasomwa mara ya kwanza, na hapo ni jina lake tu linasomwa, hakuna mjadala wowote, usiogope wala usifurahi. Spika anaipeleka kwenye kamati. Za kodi zinaenda Kamati ya Fedha, za katiba na mahakama zinaenda Kamati ya Sheria, na hivo hivo kila sekta na kamati yake. Kwa kanuni za bunge kamati inapewa siku 45 irudishe ripoti. Siku 45 ndugu yangu, hiyo ndiyo dirisha yako, na mara nyingi wanaenda haraka kuliko hapo.

Kwenye kamati wanaitwa mawaziri, wanaitwa mashirika, na mwananchi yeyote anaweza kupeleka waraka wa maoni. Barua yetu ya kwanza ilikuwa kurasa sita za malalamiko: maisha ni magumu, serikali ituhurumie, sisi ni vijana. Haikuwa na kazi yoyote. Mwaka uliofuata jamaa mmoja anayejua mambo ya ofisi akanionyesha vile inafanywa. Ukurasa mmoja, ukizidi miwili. Juu unaandika jina la bili na mwaka wake. Halafu unataja namba ya kifungu, unanukuu maneno yenyewe kama yalivyo, unaeleza kwa hesabu yatakufanyia nini: mteja akitoa elfu mia analipa elfu moja, kwa siku nilikuwa na wateja kadhaa, leo wamebaki wangapi. Mwisho unaandika jinsi unavyotaka hicho kifungu kisomeke. Hii ya mwisho ndio wengi tunasahau. Mbunge aliyechoka saa kumi jioni hana nafasi ya kutungia sentensi malalamiko yako, lakini ukimpa sentensi iliyo tayari anaweza kuisoma kama marekebisho na ikaingia kwenye rekodi za bunge.

Peleka kwa karani wa kamati, na kopi kwa mbunge wako na kwa yule mbunge mwanamke wa wilaya, manake kila wilaya inaye na sisi huwa tunamsahau. Kama mko kikundi, chagueni msemaji mmoja. Siku moja tulienda watu watano na kila mmoja akataka kusema, mwenyekiti akatupa dakika chache kwa wote na tukazimaliza kusalimia.

Lugha ni shida nyingine. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwenye katiba tangu mabadiliko ya 2005, lakini bili zinakuja kwa Kiingereza na waraka wako pia uandike kwa Kiingereza kama unataka usomwe. Naona aibu kuandika hivi lakini ndivyo ilivyo. Sisi tunamtafutaga mwalimu wa sekondari, tunampa soda.

Kwa wafanyabiashara kuna kalenda ya kukariri. Waziri anatakiwa apeleke bajeti na bili za kodi bungeni kufikia tarehe 1 Aprili, bunge liipitishe bajeti kufikia 31 Mei, hotuba yenyewe inasomwa Juni, na Julai 1 mwaka mpya wa fedha unaanza na makato mapya yanaanza. Watu wanakaa kwenye redio siku ya hotuba Juni wakidhani ndio maamuzi yanafanywa, na kumbe siku ile mambo yameshapikwa yakaiva. Mwezi wako ni Aprili.

Ukumbini, na ujanja wa dakika ya mwisho

Kamati ikirudisha ripoti, bili inasomwa mara ya pili na hapo ndio mjadala, halafu bunge zima linakaa kama kamati wanapita kifungu kwa kifungu, halafu kusomwa mara ya tatu, imepita. Hii hatua ya kifungu kwa kifungu iangalie kwa macho mawili kwa sababu maneno mapya yanaweza kuingizwa palepale.

Mfano unaujua. 2017 mheshimiwa Raphael Magyezi wa Igara West alileta bili binafsi ya kuondoa kikomo cha miaka 75 kwa Rais. Wapinzani wakafunga vitambaa vyekundu, wimbo ukawa "togikwatako", usiiguse, mwezi wa tisa viti vikarushwa bungeni na watu wa usalama wakaingia ndani ya ukumbi kuwatoa wabunge. Kila mbunge alipewa shilingi milioni 29 za kwenda kuwauliza wananchi, wengine wakazirudisha. Tarehe 20 Desemba ikapigwa kura, 315 ndiyo, 62 hapana. Sasa huku watu wote macho yako kwenye umri wa Rais, waheshimiwa wakaongeza humo humo kifungu cha kujipa wenyewe miaka 7 badala ya 5, na miwili ile ianze nao! Mimi sikujua hadi ilipopita.

Kubadilisha katiba kunataka theluthi mbili ya wabunge wote, kusomwa mara ya pili na tena mara ya tatu, na vifungu vingine mpaka kura ya maoni ya wananchi. Bili ya kawaida inataka wengi tu wa waliomo. Lakini hao waliomo lazima watimie akidi, theluthi moja ya wabunge, la sivyo mnapoteza muda. Sheria ya kwanza ya kupinga ushoga Rais aliisaini Februari 2014, na tarehe 1 Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ikaifuta yote bila kugusa yaliyomo ndani, kwa sababu siku ya kura Desemba 2013 Spika aliambiwa akidi haijatimia na akaendelea. Sheria iliyokuwa inaongelewa dunia nzima, ikaanguka kwa hesabu ya vichwa. Kwa hiyo ukikaa kwenye galari, pale wananchi wanapoangalilia bunge, hesabu.

Meza ya Rais

Kifungu cha 91. Rais akipelekewa bili ana siku 30. Anaweza kusaini, anaweza kuirudisha na barua ya kusema hapa pabadilishwe, anaweza kumwandikia Spika kwamba anakataa. Akikaa kimya siku 30 zikapita, inahesabiwa amekubali.

Akirudisha, bunge linaiangalia tena na kuipeleka tena. Akirudisha mara ya pili, bunge likitaka kumpita linaipitisha mara ya tatu kwa theluthi mbili ya wabunge wote na inakuwa sheria bila sahihi yake. Kwa maandishi bunge lina nguvu hiyo. Kwa vitendo angalia bili ya mbegu za GMO, zile zinazobadilishwa maabara: ilipita Oktoba 2017, Rais akairudisha Desemba akiuliza mambo ya hakimiliki na mbegu zetu za asili kuchanganyika na zile za maabara, bunge likaipitisha tena Novemba 2018, akairudisha tena 2019, na safari yake ikaishia hapo. Theluthi mbili ya kumkatalia Rais ni mlima wakati chama chake ndicho chenye viti vingi, na jeshi nalo lina wabunge wake 10 ndani.

Kwako wewe maana yake ni hii: kama bili imekushinda bungeni una siku 30 za kuandika barua nyingine, kwa Rais. Wakulima na makanisa na viwanda wanafanyaga hivyo. Sisi wenye vibanda hatukujua.

Korti, mlango wa mwisho na wa taratibu

Kifungu cha 137 kinasema mtu yeyote anayeona sheria inapingana na katiba anaweza kupeleka ombi Mahakama ya Katiba. Mtu yeyote, si lazima iwe imekuumiza wewe. Wanakaa majaji watano, mshtakiwa ni Mwanasheria Mkuu, na asiyeridhika anakata rufaa Mahakama ya Juu. Lakini usidhani kupeleka ombi kunasimamisha sheria, hapana, inaendelea kukukata hadi korti itoe amri.

Korti imefanya kazi kubwa, tuseme ukweli. Januari 2009 kwenye kesi ya Susan Kigula na wenzake, Mahakama ya Juu ilisema hukumu ya kifo haiwezi kuwa ya lazima, jaji lazima apewe nafasi ya kupima. Januari 2023 ikafutwa section 25 ya sheria ya kompyuta, ile ya "mawasiliano ya kuudhi" iliyopeleka watu jela kwa kuandika Facebook. Na ile ya Magyezi ilisikilizwa Mbale, Julai 2018 majaji wakaacha kikomo cha umri kiondoke lakini ile miaka miwili waheshimiwa walijiongezea wakaipiga chini. Rufaa iliisha Aprili 2019, majaji 4 kwa 3. Hapo nilicheka sana kibandani kwangu.

Muda sasa. Mbunge Michael Kabaziguruka alipelekwa korti ya jeshi 2016, akaenda Mahakama ya Katiba kuuliza raia anashtakiwaje na wanajeshi, jibu likaja 2021, serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Juu ikajibu tarehe 31 Januari 2025: raia wasishtakiwe huko, kesi zihamishwe. Karibu miaka tisa. Halafu serikali ikarudi bungeni na bili ya kubadilisha sheria ya jeshi, ikapita 20 Mei 2025, Rais akasaini Juni, raia wakarudishwa korti ya jeshi kwa sababu zilizotajwa kwenye sheria mpya. Ndio mchezo wenyewe huo: korti inafunga mlango huu, serikali na bunge wanachonga mwingine pembeni, na mtu anaanza ombi jipya. Mimi naona korti ilifanya sehemu yake. Bunge ndilo lilikimbia, miezi minne kwa jambo ambalo majaji walilipima miaka.

Nani anamshika nani

Serikali inashikwa kwenye pesa: hazina haitoi bila bunge kuidhinisha, na Mkaguzi Mkuu wa hesabu anapeleka ripoti bungeni kila mwaka, ikaangaliwa na kamati inayoongozwa na upinzani. Mawaziri lazima wapite kamati ya uteuzi ya bunge, na wakiingia wanaweza kutolewa: theluthi moja ya wabunge wanasaini, zaidi ya nusu wanapiga kura. Si hadithi, 1998 ilimpata Jim Muhwezi na 1999 Sam Kutesa. Wote wawili walirudi uwaziri baadaye, haya.

Majaji wanapendekezwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, Rais anateua, bunge linaidhinisha. Baada ya hapo hawezi kumfukuza kwa simu, lazima tume maalum ichunguze. Wazee wetu wanajua kwa nini hilo liliandikwa. Septemba 1972 askari wa Amin waliingia Mahakama Kuu Kampala wakamchukua Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka ofisini mwake mchana, hakurudi. Na 2007 walipoingia tena watu wenye bunduki pale Mahakama Kuu kuwakamata washtakiwa waliopewa dhamana, majaji waligoma nchi nzima. Kabla ya hayo yote kuna 1966, Obote aliwaambia wabunge wapitishe katiba mpya na kopi watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua. Walipiga kura kwanza, wakasoma baadaye. Ndio maana mimi nang'ang'ania watu wasome bili.

Kuwaondoa wabunge wenyewe katikati ya muhula? Kifungu cha 84 cha kumrudisha mbunge nyumbani kipo, lakini kimeandikwa kifanye kazi wakati wa mfumo wa Movement tu, ule wa siasa bila vyama, kwa hiyo sasa kimelala. Subiri uchaguzi.

Usiruke ya chini

Sheria nyingi zinazokugusa sokoni hazitoki Kampala. Halmashauri ya wilaya inatunga zake, na halmashauri za chini zinatunga sheria ndogo, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997. Za wilaya lazima Mwanasheria Mkuu athibitishe hazigongani na katiba. Mtu akija na risiti ya ushuru wa soko usioujua, muulize kwa adabu, umepitishwa na baraza gani, tarehe gani. Kansela wako, yaani diwani, anakaa jirani, anakunywa chai pale pale unapokunywa, huyo humwandikii waraka, unavuta kiti.

Na kabla hujabishana na yeyote, soma sheria yenyewe. Tovuti ya ULII, maktaba ya sheria za Uganda mtandaoni, inaweka sheria na hukumu bure, simu yoyote inafungua. Angalia vitu viwili: tarehe ya kuanza kutumika, manake sheria inaweza kusainiwa na isianze, na kama kuna mabadiliko ya baadaye yaliyoiondoa ile unayoshikilia.

Ile kodi yetu? Kelele zilikuwa nyingi, watu wakaandamana Kampala, Rais mwenyewe Julai ile ile akasema ilitakiwa iwe asilimia 0.5, na kabla 2018 haijaisha bunge likapitisha bili nyingine: 0.5, na kwa kutoa pesa tu. OTT iliondolewa 2021 wakatuwekea asilimia 12 kwenye bando. Yule mama wa samaki bado ni mteja wangu. Ikifika Aprili anapita na beseni lake anauliza, "Wameleta nini mwaka huu?" Namsomea kwa Kiswahili changu hiki hiki, yeye ananiambia kifungu gani kitamuuma, mimi naandika namba.